Nahodha Aliyebeba Dakika Nane

Jairus Owino anastaafu leo, Jumapili tarehe 31 Agosti 2025, baada ya kukitumikia Kiwanda cha Chai cha Kaptolwo kwa miaka thelathini na mitano kasoro siku tatu. Katika miaka hiyo, kumi na minne amekuwa pia nahodha wa klabu yetu ya gofu, ile ya mashimo tisa iliyozungukwa na chai pande zote. Siku tatu hizo zimemuuma sana. Alikwenda mwenyewe ofisi ya wafanyakazi kuomba afanye kazi mpaka Jumatano ili miaka itimie, akaambiwa sheria ni sheria, na boila itawaka hata yeye asipokuwepo. Alirudi kwangu akanung'unika kutwa nzima.

Mimi ni Phelis Nyambeki, karani wa klabu tangu mwaka 2006. Programu mliyoshika mkononi nimeiandika mimi na kuipeleka mimi kwa mpiga chapa Kericho mjini. Kamati iliniomba kurasa chache za furaha. Jairus mwenyewe aliniomba nusu ukurasa, tena nisitaje Agosti 2011. Sikuwasikiliza, si kamati wala yeye. Kuhusu siku ile kuna jambo ambalo hamlijui hata nyinyi mliokuwepo, na mtu mmoja amelibeba muda mrefu kwa niaba ya mwingine. Kesho anahamia kwao Katito, na sitaki aondoke nalo.

Lakini tuanze na kazi, maana kazi ndiyo iliyomleta.

Alikuja Septemba 1990 akiwa na miaka ishirini na mitano, cheti cha ufundi, na koti lililomzidi mikono. Hakuwa mgeni. Baba yake alikuwa mchuma chai papa hapa na Jairus alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi, nyumba ya tano kutoka mtoni. Walimwanzisha kwa kutia kuni kwenye boila. Wasiokijua kiwanda hudhani chai hukaushwa na jua. Jua gani hapa Kericho? Chai hukaushwa na joto la boila, na boila ikipoa, majani yote ya siku hiyo ni ya kutupa. Jairus alililinda joto hilo mpaka akawa fundi, akawa fundi mkuu, akawa msimamizi wa karakana nzima. Mafundi wake wanasema alikuwa anaweza kulala kwenye kiti huku boila inavuma, lakini mlio ukibadilika kidogo tu, anaamka na kuuliza nani amegusa nini.

Gofu aliingia kwa mlango wa nyuma. Zamani klabu ilikuwa ya mameneja, na mfanyakazi alikanyaga nyasi zile akiwa na reki au akiwa amebeba mfuko wa vyuma vya mtu. Mwaka 2001 mashine ya kukata nyasi iliharibika, fundi kutoka Nairobi akashindwa, Jairus akaitengeneza mchana mmoja. Walipomuuliza anataka shukrani gani, akaomba ruhusa ya kupiga mipira alfajiri kabla wenyewe hawajaamka. Wakacheka wakamruhusu. Miaka mitatu baadaye uanachama ulifunguliwa kwa wafanyakazi wote, na jina la kwanza kwenye daftari lilikuwa lake. Wapo waliokasirika wakahama klabu. Karibu wote walirudi, na waliporudi walimkuta ameshawazidi mchezo.

Niwaambie alivyo. Mwaka 2009 alishinda kombe la kiwanda. Tulipiga picha, tulikula mbuzi, kikombe akakibeba nyumbani. Jumatano yake akaingia ofisini kwangu na kikombe kile ndani ya gunia. Amekumbuka, akasema, kwamba kwenye shimo la nane aliondoa jani kavu karibu na mpira wake, mpira ukasogea upana wa kucha, naye hakujiongezea pigo la adhabu. Hakuna aliyeona. Hata yule aliyekuwa anamwandikia kadi hakuona. Nikamwambia arudi nyumbani aache ushamba. Akakiweka kikombe mezani, akaandika barua ya kujiondoa mwenyewe, akaenda zake kazini. Kombe akapewa Bwana Chepyegon, mwenyekiti wetu wa sasa, aliyekuwa wa pili, na alilipokea bila aibu hata kidogo.

Mimi sichezi gofu. Lakini siku hiyo nilijifunza kwamba huu ni mchezo wa mtu kujishtaki mwenyewe. Nilijifunza, ndiyo. Mtaona niliyafanyia nini mafunzo yale.

Machi 2011 wanachama walimchagua nahodha, wa kwanza kutoka karakana. Watu hudhani nahodha wa gofu ni yule anayesimama katikati ya picha. Hata mimi nilidhani hivyo. Nahodha ndiye anayepanga nani acheze na nani, na kwa kazi hiyo peke yake anapata maadui wa kumtosha mwaka. Ndiye anayeamua mpira ulioingia mtaroni upigwe kutoka wapi. Bosi wake wa kazini akija bila kola, ni yeye wa kumrudisha nyumbani akabadilishe shati. Nyasi zikiungua anaulizwa yeye, mgeni akiumwa tumbo anaulizwa yeye, na watu wawili wakigombana juu ya kadi, wote wawili wanamnunia yeye. Mpira wa kwanza wa mwaka anaupiga nahodha huku klabu nzima imesimama kutazama. Wa Jairus ulipinda ukaingia jikoni kwa dirisha. Janefer, mpishi wetu, ameuweka kwenye kopo la chumvi mpaka leo, na anasema hautoki.

Mei mwaka huo meneja mmoja alipiga mpira ukaruka hadi kwenye chai kando ya shimo la saba, ukatua ndani ya kikapu cha mchuma chai. Bwana yule akaingia kati ya mistari na kutaka kumwaga majani yote chini atafute mpira wake. Mama mwenye kikapu akakataa. Nahodha akaitwa. Jairus alisikiliza pande zote mbili, akaamua kwamba mpira umepotea, majani ni ya mama, bwana ajiongezee pigo, na kabla ya kupiga tena amwombe mama radhi. Bwana akaomba. Uamuzi ule uko nyuma ya kadi zetu hadi sasa: mpira ukiingia kikapuni umepotea, mwombe radhi mwenye kikapu. Siku hizi kipande kile kinavunwa kwa mashine na vikapu havipo, lakini hatujaufuta.

Mama yule alikuwa Mongina, ambaye sisi humwita Mama Maxine. Ni jirani yangu wa benchi kanisani, maana mimi na yeye ni Wasabato. Alitusimulia kisa cha kikapu Sabato tatu mfululizo, na kila mara alimaliza kwa kusema kwamba hatimaye klabu ile imepata mwenye akili. Nataka mkumbuke kwamba alimpenda Jairus kabla.

Na sasa king'ora.

Huku kwetu radi si habari. Karibu kila alasiri wingu linapanda kutoka upande wa ziwa, linakuja kusimama juu yetu, na ikifika saa nane au saa tisa linaanza kunguruma. Watoto wetu hulala usingizi wa mchana ndani ya kelele hiyo. Katiba ya klabu, kifungu cha kumi na moja, inasema kwamba nahodha ndiye mwenye jukumu la kufunga uwanja kukiwa na hatari ya radi, kwa kupiga king'ora. King'ora chenyewe Jairus alikiunda kutokana na mota kuukuu ya kiwandani. Swichi yake iko ofisini kwangu na inafungwa kwa ufunguo. Nahodha akiwa mbali uwanjani anapiga simu, na karani anawasha.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini tulikuwa na desturi yetu iliyoshinda kifungu chochote. Tulingoja mabati. Ikinguruma, watu waliendelea kucheza na kusema tungoje mabati yaseme, yaani mpaka matone ya kwanza yagonge paa la klabu. Mtu anayesikia ngurumo kila siku hawezi kukimbia kila siku, angecheza lini? Meneja alingoja mabati, mbeba mifuko alingoja mabati, mkata nyasi alingoja mabati. Mgeni akianza kukusanya vitu vyake kwa ngurumo ya kwanza, tulimcheka mpaka anaona haya na kubaki. Hiyo ndiyo akili tuliyokuwa nayo.

Tarehe 14 Agosti 2011 ilikuwa Jumapili, siku ya Kombe la Nahodha. Uwanja ulijaa wageni. Onsongo Nyagaka, mume wa Mama Maxine, alikuwa zamuni. Alikuwa mtunza uwanja wetu, mwenye miaka arobaini na mmoja, na kwa kuwa hakufanya kazi Jumamosi, Jumapili zote zilikuwa zake bila kulalamika. Onsongo alikuwa mtu wa polepole na wa usafi. Alisawazisha mchanga wa mitego, ile iliyochimbwa kunasa mipira, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Mchana huo alikuwa shimo la saba na mwenzake, Calvince.

Saa nane na robo ilianza kunguruma. Calvince akaweka reki chini akasema twende. Onsongo akatazama upande wa klabu.

"King'ora bado," akasema. "Tumalizie hapa."

Calvince akaenda zake. Yeye ndiye aliyetusimulia, mara moja tu, na hajasimulia tena.

Radi ilipiga saa nane na dakika ishirini na tano. Mabati yalikuwa makavu. King'ora kililia baada ya radi, kikalia muda mrefu, na tone la kwanza la mvua likaanguka Onsongo akiwa ameshalala kwenye mchanga alioutengeneza.

Mama Maxine hakuwa kazini Jumapili hiyo. Alikuwa kambini anafua. Alikuja akikimbia kati ya mistari ya chai, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, na watu walipomzuia asifike alimtafuta Jairus kwa macho mpaka akampata. Hakupiga kelele. Aliuliza king'ora kilikuwa wapi. Jairus alivua kofia yake akamwambia, "Nilichelewa, mama." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua mbili.

Kampuni ilifanya uchunguzi. Jairus aliandika barua ya sentensi tatu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeibandika ubaoni, naijua kwa moyo. Nahodha ni mimi. Kupiga king'ora ni jukumu la nahodha. Nilichelewa, na mtu amekufa. Basi. Mezani kwa meneja mkuu kulikuwa na barua nyingine, ya kumpandisha awe meneja msaidizi wa kiwanda, ikingoja sahihi tu. Haikutiwa sahihi mwezi ule wala mwaka mwingine wowote. Vijana aliowafundisha kushika spana walipanda wakampita, na leo anastaafu akiwa msimamizi wa karakana, cheo kile kile alichokuwa nacho siku ya radi.

Unahodha pia alitaka kuuacha. Tuliitisha mkutano, akasimama akasema apatikane mwingine. Likatajwa jina moja, mwenye jina akauliza king'ora kitakuwa juu ya nani. Akaambiwa kitakuwa juu ya nahodha. Akaketi. Likatajwa jina la pili, huyo hata kusimama hakusimama. Katiba inasema nahodha anachaguliwa kwa mwaka mmoja. Jairus ameshika kumi na minne kwa sababu kila Machi tunafika mahali hapo hapo kwenye ajenda, kila mtu anatazama viatu vyake, na yeye anasema haya, nitaendelea.

Akauendesha uwanja kwa namna mnayoijua. Ngurumo ya kwanza, hata iwe mbali kule Sosiot, king'ora kinalia na kila mtu anatoka. Hakuna cha mabati. Mashindano yamekatizwa mara zisizo na idadi, wageni wameacha kuja, wanachama wameandika barua za malalamiko mpaka nikazinunulia faili la pili. Kuna bwana aliyemwambia mbele ya watu kwamba ameigeuza klabu kuwa shule ya chekechea. Jairus alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha mlango wa klabu, akamwambia aingie ndani kwanza ndipo waendelee kuongea. Kila lawama aliipokea yeye. Hakuna hata siku moja aliposema kwamba anayewasha ni karani.

Na kila mwaka, tarehe 14 Agosti, amekuwa akienda Roret, ambako Mama Maxine alihamia na binti yake baada ya mazishi. Anasimama nje ya lango, kofia mkononi. Mama Maxine anamwona. Anaendelea na shughuli yake, kupukuchua mahindi au kuanika nguo, wala hainui kichwa. Baada ya muda Jairus anavaa kofia na kurudi. Hajawahi kusalimiwa. Hata wakikutana sokoni, mama huyo anahamisha kikapu kwenda mkono wa kulia ili mkono usiwe na nafasi.

Hayo ndiyo yanayojulikana. Yanayofuata, mpaka mwezi huu, yalijulikana na watu wawili tu.

Jairus hakuchelewa. Siku ile alikuwa shimo la nne, na saa nane na dakika kumi na saba alinipigia simu. Alisema, "Phelis, piga." Nikamwambia sawa. Nikachukua ufunguo kwenye msumari, nikatoka nao barazani, nikasimama nikasikiliza mabati.

Nitawaambia kwa nini, na si kwa kujitetea. Mwezi mmoja kabla, wakiwepo wageni, nilikuwa nimewasha mapema kwa ngurumo moja. Watu walitoka uwanjani, mvua haikunyesha, jua likawaka. Mzee mmoja wa klabu, marehemu sasa, aliniambia mbele ya meza zote kwamba mwanamke anayeogopa ngurumo akauze sukuma wiki sokoni aache ofisi za watu. Walicheka. Nami nikajicheka pamoja nao. Basi siku ya Kombe la Nahodha, na wageni wote wale, nilijiambia nitangoja kidogo. Nikingoja mabati hakuna wa kunicheka. Nilisimama barazani na ufunguo mfukoni mwa sweta kwa dakika nane. Niliwaona hata wapishi wakitandika vitambaa mezani. Kisha radi ikapiga, na ndipo nikakimbilia swichi.

Asubuhi yake nilikuwa ofisini kabla ya saa moja, nimeshaamua kwenda kwa mwenyekiti. Jairus akaingia akafunga mlango. Macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia ninachokwenda kusema. Akatikisa kichwa. Akasema kifungu cha kumi na moja hakina neno karani. Kama kazi yake aliiachia simu, badala ya kuja mwenyewe kwa miguu, basi kosa ni lake, na asisikie tena habari hiyo. Nikamwambia hiyo si kweli na anajua si kweli. Hapo akautoa ufunguo, ambao polisi waliuchukua jana yake kisha wakamrudishia, akauweka mbele yangu.

"Huu kaa nao wewe," akasema. "Wewe hutangoja tena."

Ni kweli, sijangoja tena. Kila king'ora mlichokilalamikia miaka hii yote nilikiwasha mimi, mara nyingi kabla hata simu yake haijaingia. Lakini kunyamaza nilinyamaza. Nilikuwa na watoto watatu, nyumba ya kampuni, na mume aliyekwenda Naivasha asirudi. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalia, mwaka wa tano nilikuwa nimezoea, na kuzoea ndiko kunakonitisha nikikumbuka. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa kati ya watu wanaojishtaki kwa sababu ya mpira kusogea upana wa kucha.

Na kila Sabato nimekaa benchi moja na Mama Maxine, ambaye hata baada ya kuhamia Roret hakuliacha kanisa letu. Tunashika kitabu kimoja cha nyimbo, maana miwani yake haisomi vizuri. Tukitoka nje alikuwa akimtaja Jairus kwa uchungu, kwamba amemwona mjini ana gumboti mpya, amemwona anacheka, mtu kama yule anachekaje. Na mimi nilikuwa naitikia. Nilisema ndiyo, mama. Nilisema Mungu anaona.

Jumapili tarehe 17 mwezi huu nilikwenda Roret, kwa sababu haikufaa alisome jambo hili kwanza kwenye programu. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilimwambia yote, simu, baraza, mabati, ufunguo. Nilipomaliza aliendelea na gunzi lililokuwa mkononi mpaka punje zikaisha, akaliweka chini.

"Miaka kumi na minne nimemnyima mtu salamu," akasema, "na wewe ulikuwa unanitazama."

Akaingia ndani akafunga mlango, akaniacha na kuku uani. Sabato iliyofuata niliweka Biblia yangu kwenye nafasi yake kama kawaida. Alikwenda kukaa benchi la mbele, karibu na dirisha, na kitabu cha nyimbo alishikiwa na mtu mwingine.

Bwana Chepyegon nimempa barua yangu. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kama haiwezi kungoja hadi sherehe ipite, tusiharibu siku ya mzee. Nikamwambia kungoja nimeshangoja. Kamati itakaa Alhamisi kunijadili, na itakavyoamua nitakubali. Jairus atalisoma jambo hili leo akiwa ameketi meza kuu, pamoja nanyi. Atanikasirikia. Akikasirika huwa anakunja masikio ya karatasi, kwa hiyo mkiiona programu yake imekunjwa pembe zote nne, mjue amefika hapa.

Jumatatu Maxine alinipigia simu. Alikuwa mtoto wa miaka minane baba yake alipokufa, na sasa ni muuguzi huko Kaplong. Alisema mama yake atakuja leo, na ameomba kiti kiwe pembeni mwa njia, pale Kapteni Jairus atakapopita akiingia. Nimekiweka kiti hicho, safu ya mbele, upande wa kushoto. Kuhusu mimi hakusema kitu, nami sikuuliza.

Sasa shukrani, maana hii ni sherehe. Kwa niaba ya kiwanda tunamshukuru Jairus Owino kwa miaka thelathini na mitano, na zile siku tatu kwa kauli yangu tumemzawadia. Kwa niaba ya karakana, ambayo wiki hii imekuwa kimya kuliko kawaida. Kwa niaba ya Janefer, ambaye amesema leo mpira utatoka kwenye chumvi. Nahodha mpya hajapatikana. Jina lake Jairus litabaki kwenye ubao wa manahodha likijirudia mwaka baada ya mwaka, mstari juu ya mstari, na yeyote atakayeandikwa chini yake ajue kwamba kazi yenyewe si picha.

Hotuba zinaanza saa nane. Mnajua saa nane ni saa gani hapa. Ikinguruma katikati ya hotuba, hata awe anaongea meneja mkuu, nitawasha, na naomba kila mtu ainuke aingie ndani. Msingoje mabati.

Kapteni, nenda kwenu kwa amani. Lima mtama wako, lala mchana, wajukuu wakuchoshe. Alasiri ukiliona wingu limesimama juu ya milima ya huku kwetu, keti. Usitazame saa wala usitafute simu, zamu yako imekwisha. Tunakuombea siku nyingi na usingizi mzuri. Beba vitu vyako vyote kesho, usisahau kofia. Zile dakika nane ziache hapa. Zina mwenyewe.